Mashabiki wa Soka Uingereza na Mapambano Dhidi ya Ukatili kwa Wanawake

Kampeni za mashabiki wa soka dhidi ya ukatili kwa wanawake ni jambo jipya katika mchezo wa zamani. Ligi ya soka ya England ilianzishwa mwaka 1888, lakini mashabiki waliotia saini, kuandamana na kuvunja mikataba ya udhamini kwa sababu ya ukatili huo walianza kusikika kwa nguvu baada ya mwaka 2010. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na mashirika ya wanawake yaliyoanzisha nyumba salama, kisha ikaungwa mkono na watafiti waliopekua kumbukumbu za polisi za siku za mechi. Mchango wa mashabiki ulikuwa kuuingiza mjadala huo ndani ya klabu, mahali ambapo matangazo ya nje hayakuwa yamefika.

Uwanja wa wanaume

Soka ya Uingereza ilikua pamoja na viwanda. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana kila Jumamosi. Kwa kuwa mitambo haikuweza kuendeshwa bila wao, wanaume nao wakapata nusu siku ya mapumziko, na ndiyo asili ya desturi ya mechi kuanza saa tisa alasiri. Mapumziko yaliyopatikana kwa sheria ya kuwalinda wanawake yakawa, kwa sehemu kubwa, burudani ya wanaume: mshahara mfukoni, mechi, kisha baa.

Hata hivyo wanawake walikuwapo viwanjani tangu mwanzo. Klabu kadhaa ziliwaruhusu kuingia bure, mpaka wanawake wapatao 2,000 walipojitokeza katika mechi ya Preston North End siku ya Jumatatu ya Pasaka mwaka 1885, na ruhusa hiyo ikafutwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies, iliyotokana na kiwanda cha Preston, ilivuta watazamaji 53,000 katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, tarehe 26 Desemba 1920. Haukupita hata mwaka mmoja. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Soka cha England kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja vyao, na katazo hilo likadumu karibu nusu karne. Kizazi baada ya kizazi kikalelewa kikiamini kwamba mpira ni wa baba na mtoto wa kiume.

Nyumbani nako kipigo cha mume kwa mke kilihesabiwa kuwa siri ya familia. Mwaka 1878, miaka kumi kabla ya ligi kuanza, mwandishi Frances Power Cobbe alichapisha makala kuhusu mateso waliyokuwa wakiyapata wake nchini England. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyowaruhusu mahakimu kumtenganisha mke na mume aliyetiwa hatiani kwa kumshambulia vibaya. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati ule, lakini mwanamke asiye na kipato wala pa kwenda aliendelea kuishi na aliyempiga.

Nyumba salama na utepe mweupe

Pa kwenda palianza kupatikana mwaka 1971, ilipofunguliwa nyumba salama katika eneo la Chiswick, magharibi mwa London, kwa ajili ya wanawake waliokimbia vipigo pamoja na watoto wao. Nyumba za aina hiyo zilienea haraka mijini, na mwaka 1974 zikaunda shirikisho la taifa la Women's Aid. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyowezesha mahakama kumzuia mume mkatili asiikaribie nyumba, hata pale mke asipokuwa ameomba talaka. Mwaka 1991 majaji wa Baraza la Malord, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, walihitimisha kwamba mume anaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Mwaka uliofuata halmashauri ya jiji la Edinburgh ilizindua kampeni ya Zero Tolerance. Mabango yake yalibeba picha za mpigapicha Franki Raffles: wanawake na watoto wametulia katika nyumba za kawaida, bila jeraha linaloonekana, huku maandishi yakieleza ukatili unaotendeka katika nyumba kama hizo. Mpita njia hakuweza kujidanganya kwamba ni mambo ya mtaa mwingine.

Wazo la kuwataka wanaume wenyewe wasimame lilitoka Kanada. Tarehe 6 Desemba 1989 mwanaume mwenye bunduki aliwaua wanawake 14 katika chuo cha uhandisi mjini Montreal. Mwaka 1991 kundi la wanaume, miongoni mwao mwanasiasa Jack Layton na mwandishi Michael Kaufman, lilianzisha kampeni ya Utepe Mweupe. Aliyeuvaa utepe huo aliahidi kutotenda ukatili dhidi ya wanawake, kutoutetea na kutounyamazia. Kampeni hiyo ilifika Uingereza katika muongo wa kwanza wa karne hii, na klabu za michezo zikawa sehemu muhimu ya kazi yake kwa sababu iliyo wazi: hakuna mahali pengine ambapo wanaume wengi hivyo hukutana kila wiki kwa hiari yao. Tarehe 25 Novemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1999 kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake, huangukia katikati ya msimu wa soka wa Uingereza. Kwa hiyo utepe mweupe uliingia viwanjani bila kuhitaji kalenda ya pekee.

Mashabiki nao walikuwa wamejifunza kujipanga, ingawa kwa sababu nyingine. Mwaka 1985, baada ya watu 39 kufa katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool walianzisha chama cha kutetea watazamaji wa soka. Maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, yaliyosababisha vifo vya watu 97, yaliwafundisha kudai haki kwa miaka mingi bila kuchoka. Mwaka 1993 ikaanza kampeni ya taifa ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika soka. Ukatili dhidi ya wanawake ulikuwa bado haujaingia katika orodha hiyo. Oktoba 1996 magazeti yalichapisha picha za mke wa Paul Gascoigne, nyota wa timu ya taifa ya England, akiwa na majeraha. Mashirika ya wanawake yalitaka mchezaji huyo aachwe. Kocha Glenn Hoddle akamwita kikosini. Mabishano yalikuwa baina ya wanaharakati, wahariri na kocha, na ligi ikaendelea.

Takwimu za siku ya mechi

Polisi wa miji ya soka walijua tangu zamani kwamba simu za kuomba msaada huongezeka siku za mechi kubwa. Glasgow ndiyo ulikuwa mfano uliotajwa zaidi. Machi 2011, baada ya mechi ya Celtic na Rangers iliyojaa kadi nyekundu na watu kukamatwa, serikali ya Uskoti iliitisha mkutano wa dharura na klabu hizo pamoja na polisi, na ukatili wa majumbani ukawa sehemu ya mjadala. Tafiti zilizochapishwa miaka michache baadaye kwa kutumia kumbukumbu za polisi wa Strathclyde zilithibitisha kwamba taarifa za ukatili huo hupanda siku ambazo watani hao wa jadi wanakutana.

Nchini Marekani, wachumi David Card na Gordon Dahl walitoa mwaka 2011 utafiti kuhusu ligi ya mpira wa Kimarekani. Waligundua kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda inapofungwa, ukatili wa wanaume kwa wenza wao nyumbani huongezeka kwa takriban asilimia 10. Matokeo hayo yalikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya aibu iliyotangulia. Januari 1993, kabla ya fainali ya Super Bowl mjini Pasadena, wanaharakati walitangaza kwamba vipigo huongezeka kwa asilimia 40 siku ya fainali. Waandishi wa habari walipofuatilia hawakukuta utafiti wowote nyuma ya tarakimu hiyo, na wapinzani wa kampeni wakaitumia kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba wanawake wanatia chumvi.

Uingereza ilipata utafiti wake uliotajwa sana mwaka 2014. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, wakiongozwa na Stuart Kirby, ambaye awali alikuwa afisa wa polisi, walichunguza taarifa zilizopokelewa na polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. England iliposhinda au kutoka sare, taarifa za ukatili wa majumbani ziliongezeka kwa asilimia 26. Ilipofungwa, kwa asilimia 38. Mechi zilizohusika zilikuwa chache na jeshi la polisi lilikuwa moja, lakini tarakimu hizo mbili zikawa msingi wa karibu kila bango la kampeni lililofuata.

Tafiti za baadaye zilibadilisha picha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick walichapisha uchambuzi wa miaka kadhaa ya kumbukumbu za polisi wa West Midlands. Siku ambazo England ilishinda katika mashindano makubwa, matukio ya ukatili wa majumbani yaliyohusisha pombe yaliongezeka kwa asilimia 47, ilhali yale yasiyohusisha pombe hayakuonyesha ongezeko kama hilo. Mwaka huohuo watafiti wa London School of Economics walichunguza miaka minane ya taarifa za polisi wa Manchester pamoja na ratiba za Manchester United na Manchester City. Wakati mechi ikiendelea, matukio yalipungua kwa takriban asilimia 5, kwa kuwa wengi wa watendaji walikuwa wakitazama mpira. Baada ya kipenga cha mwisho yalianza kupanda, yakafikia kilele takriban saa 10 baadaye, na ongezeko hilo lilitokana na wanaume waliokuwa wamelewa. Mechi za mapema zilikuwa mbaya zaidi, maana ziliacha siku nzima ya kunywa. Matokeo yasiyotarajiwa hayakuongeza ukatili huo.

Kwa pamoja tafiti hizi ziliuhamisha mjadala kutoka uchungu wa kufungwa hadi pombe na saa za mechi. Women's Aid ilikuwa imeshika msimamo wa karibu na huo mapema: soka haimfanyi mtu kuwa mkatili, bali humkuta mkatili aliyepo na kumwongezea kisingizio.

Mabango ya mashindano makubwa

Mwaka 2014 Women's Aid ilianzisha kampeni ya kuunganisha soka dhidi ya ukatili wa majumbani, ikizishirikisha mamlaka za soka, vyombo vya habari vya michezo, klabu, polisi, wachezaji na mashabiki. Ilikuwa hatua ya taifa iliyomtaja shabiki kama mshirika. Klabu zilipiga picha na mabango yake na wachezaji wakasoma ujumbe kwenye video. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ujumbe ulitoka juu kwenda chini, na shabiki akabaki msikilizaji.

Kombe la Dunia la 2018 lilileta bango lililozua mjadala mkubwa zaidi. Kituo cha taifa cha kusaidia waathirika wa ukatili wa majumbani kilionyesha uso wa mwanamke uliotapakaa damu kwa umbo la msalaba mwekundu wa bendera ya England, pamoja na maneno yaliyoonya kwamba England ikichapwa, naye atachapwa. Picha hiyo ilisambaa duniani kwa siku chache. Iliwafikia watu ambao hawakuwahi kufikiria suala hilo, lakini pia ililifungia kwenye kufungwa kwa timu. Tafiti za 2021 zilipoonyesha kwamba ushindi wenye pombe ni hatari vilevile, bango hilo lilionekana kusema nusu ya ukweli.

Mwishoni mwa 2022, Kombe la Dunia lilipochezwa Qatar, Women's Aid ilichagua njia ya utulivu zaidi. Ilitundika barabarani bendera na skafu zinazofanana na zile za mashabiki wa England, ikageuza maneno ya wimbo wa Three Lions, unaoimbwa na mashabiki hao tangu mwaka 1996, ili kinachorudi nyumbani kiwe si kombe bali mwanaume mkatili. Safari hii hapakuwa na damu. Shabiki aliyeusoma ujumbe huo aliusoma kwa lugha yake mwenyewe ya jukwaani.

Sheffield, 2014

Kampeni ya mashabiki wenyewe ilijitokeza katika kisa kilichokuwa kigumu tangu mwanzo hadi mwisho. Aprili 2012 Ched Evans, mshambuliaji wa Sheffield United na timu ya taifa ya Wales, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kosa la ubakaji. Baadhi ya wafuasi wake walimtaja mlalamikaji kwa jina mitandaoni, jambo linalokatazwa na sheria, na watu tisa wakakiri kosa hilo mahakamani mwaka huohuo. Evans alipoachiwa Oktoba 2014 baada ya kutumikia nusu ya kifungo, klabu ilikubali afanye mazoezi nayo.

Upinzani ulitoka ndani ya nyumba. Mtangazaji Charlie Webster na mwanamuziki Paul Heaton walijiuzulu ulezi wa heshima wa klabu. Bingwa wa Olimpiki Jessica Ennis-Hill, mzaliwa wa Sheffield, alisema kwamba Evans akisajiliwa tena, jina lake yeye liondolewe kwenye jukwaa la uwanja lililopewa jina hilo kwa heshima yake. Kwa kauli hiyo alitumiwa vitisho vya kubakwa mitandaoni. Ombi la umma la kuitaka klabu isimsajili lilipata saini zaidi ya 150,000. Tarehe 20 Novemba 2014 klabu iliondoa ruhusa yake, na Januari 2015 mpango wa Oldham Athletic kumsajili ukavunjika kwa shinikizo la aina hiyohiyo.

Wapo mashabiki waliopinga kampeni hiyo, wakisema kwamba aliyetumikia adhabu ana haki ya kurudi kazini. Kisha mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu mwezi Aprili 2016, na kesi iliposikilizwa upya Oktoba mwaka huo Evans alikutwa hana hatia. Kisa hicho kikaacha mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba watu walioipa klabu majina na heshima yao wanaweza kubadilisha uamuzi wake ndani ya siku chache. La pili ni kwamba kampeni inayoegemea hukumu moja huyumba hukumu hiyo inapoanguka. Waliofuata walilazimika kueleza wanachodai kwa klabu bila kujifanya mahakama.

Kirkcaldy, 2022

Mwaka 2022 mji mdogo wa Kirkcaldy, mashariki mwa Uskoti, ulionyesha jinsi mafunzo hayo yanavyotumika. Mwaka 2017 mahakama ya madai mjini Edinburgh ilikuwa imeamua kwamba mshambuliaji David Goodwillie na mchezaji mwenzake walimbaka mwanamke mmoja mwaka 2011, ikawaamuru wamlipe fidia ya pauni 100,000. Kesi ya jinai haikuwahi kusikilizwa. Goodwillie alichezea klabu ya Clyde kwa miaka kadhaa bila upinzani mkubwa kama uliokuja baadaye.

Tarehe 31 Januari 2022 Raith Rovers ya Kirkcaldy ikamsajili. Kesho yake Val McDermid, mwandishi wa riwaya za upelelezi na shabiki wa klabu hiyo tangu utotoni, alitangaza kuondoa udhamini wake. Nahodha wa timu ya wanawake, Tyler Rattray, aliacha kuichezea klabu. Wajumbe wa bodi na watu waliojitolea kufanya kazi za klabu walijiuzulu. Gordon Brown, waziri mkuu wa zamani na shabiki wa timu hiyo, alipinga usajili huo, na Nicola Sturgeon, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uskoti, naye pia. Klabu ilijaribu kwanza kueleza kwamba uamuzi ulikuwa wa kimpira. Tarehe 3 Februari iliomba radhi na kutangaza kwamba mchezaji huyo hataichezea.

Kurudi nyuma huko hakukuponya kila kitu. Timu ya wanawake ilijitenga na klabu, ikachukua jina la McDermid Ladies kwa heshima ya mwandishi aliyesimama nayo. Machi 2022 Clyde ilipojaribu kumchukua Goodwillie kwa mkopo, wachezaji wa timu yake ya wanawake waliondoka, na halmashauri ya North Lanarkshire, yenye uwanja wa Broadwood uliotumiwa na Clyde, ikamzuia asiingie humo. Mkopo ukavunjwa.

Kirkcaldy ilikuwa tofauti na Sheffield kwa sababu ya aina ya watu waliosimama. Hapakuwa na haja ya ombi la saini za mamia ya maelfu. Waliohusika walijuana kwa majina. Mdhamini, nahodha, mfanyakazi wa kujitolea na mnunuzi wa tiketi ya msimu walisema kwamba klabu ni yao na kwamba hawatalipia usajili huo. Klabu ndogo huishi kwa michango ya watu wa aina hiyo, na ilipowapoteza kwa siku tatu ilijikuta haina wa kumtegemea.

Her Game Too na jukwaa lenyewe

Kundi jingine lilianza si kwa kisa cha mchezaji bali kwa yale yanayowapata wanawake wakiwa watazamaji. Utafiti wa chama cha mashabiki wa soka cha England na Wales mwaka 2021 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano amewahi kuguswa au kusumbuliwa kimwili bila ridhaa yake kwenye mechi. Machi mwaka huo taifa lilikuwa limetikiswa na mauaji ya Sarah Everard, aliyetekwa na askari polisi akitembea kwenda nyumbani kwake London. Usalama wa mwanamke barabarani, ndani ya treni na uwanjani ulikuwa ukizungumzwa kila mahali.

Tarehe 15 Mei 2021, siku ya fainali ya Kombe la FA, mashabiki wa kike wakiongozwa na Caz May, shabiki wa Bristol Rovers, walizindua Her Game Too, jina linalodai kwamba mchezo ni wa mwanamke pia. Katika video yao fupi, kila mmoja alishika kadi yenye maneno ya dharau aliyowahi kuambiwa kwa sababu ni mwanamke anayependa soka. Video ilienea siku hiyohiyo. Ndani ya muda mfupi klabu za madaraja mbalimbali zilianza kutia saini ushirikiano na kundi hilo: kutangaza njia za kuripoti usumbufu uwanjani, kuwafundisha walinzi wa majukwaani namna ya kupokea malalamiko, na kutenga mechi maalumu za kampeni.

Mantiki ya kundi hilo ni kwamba ukatili una ngazi. Matusi yanayochekewa jukwaani humfundisha kijana kwamba mwanamke ni wa kudhihakiwa, na ukimya wa wenzake humfanya aone kwamba amekubalika. Kwa hiyo kampeni humlenga zaidi shabiki wa kiume aliyekaa kiti cha jirani, yule asiyetukana lakini asiyesema neno. Ni ahadi ileile ya utepe mweupe, sasa ikidaiwa na wanawake wenye tiketi za msimu.

Old Trafford, 2023

Kisa kilichofuatiliwa mbali zaidi, hadi Afrika Mashariki ambako Manchester United ina wafuasi wengi, kilimhusu Mason Greenwood, mshambuliaji wa klabu hiyo. Alikamatwa Januari 2022 baada ya picha na sauti zilizohusishwa na madai ya ukatili dhidi ya mwanamke kusambaa mitandaoni, na baadaye akashtakiwa. Februari 2023 waendesha mashtaka waliifuta kesi, wakitaja kujitoa kwa mashahidi muhimu na kupatikana kwa taarifa mpya. Klabu ikaanzisha uchunguzi wake yenyewe, na Agosti zikaenea habari kwamba inafikiria kumrudisha kikosini.

Mashabiki wa kike wa United walitoa tamko la kupinga kurudi kwake, na tarehe 14 Agosti 2023, kabla ya mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Wolverhampton Wanderers, baadhi yao walisimama nje ya uwanja wa Old Trafford wakiwa na mabango dhidi ya ukatili kwa wanawake. Walikuwa wachache, na kulikuwa na mashabiki waliotaka arudi. Tarehe 21 Agosti klabu ilitangaza kwamba ataendeleza soka yake kwingine. Ilieleza kuwa, kwa ushahidi iliouona, hakutenda makosa aliyoshtakiwa nayo. Mwenyewe alikana tuhuma na kukiri kwamba amefanya makosa. Alipelekwa Getafe ya Hispania kwa mkopo, na mwaka 2024 akauzwa Marseille ya Ufaransa.

Tofauti na Kirkcaldy, hapa hakukuwa na uamuzi wa mahakama dhidi ya mchezaji. Waliopinga hawakuhitaji kuthibitisha kosa la jinai. Walidai kwamba klabu iwafikirie wanawake wanaoishabikia inapochagua nani avae jezi yake. Wapinzani wao waliuliza, kama walivyouliza wengine Sheffield, ni nani mwenye mamlaka ya kumfungia mlango mtu ambaye hajatiwa hatiani. Soka ya Uingereza haijapata jibu moja la swali hilo, na kila klabu imekuwa ikiliamua kwa shinikizo la wakati huo.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Sheria nazo zimesonga mbele katika miaka hiyohiyo. Tangu mwisho wa 2015 kumtawala mwenza kwa vitisho na kumdhibiti ni kosa la jinai England na Wales. Uskoti ilipitisha sheria yake pana mwaka 2018, na mwaka 2021 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kuu ya ukatili wa majumbani. Mashabiki hawakuzitunga sheria hizo, na hakuna utafiti unaoonyesha kwamba mabango ya viwanjani yamepunguza vipigo majumbani. Kile ambacho tafiti za Warwick na London zimeonyesha kuwa na uzito, yaani pombe na ratiba ya mechi, kiko mikononi mwa mamlaka za soka, vituo vya televisheni na wauza bia, na hapo kampeni za mashabiki bado hazijagusa sana.

Mafanikio yao yako kwingine. Mwaka 1996 picha za mke aliyejeruhiwa hazikumzuia mchezaji kuitwa timu ya taifa. Mwaka 2022 klabu ilijuta usajili wake ndani ya siku tatu kwa sababu watu iliowazoea walikataa kuwa sehemu ya usajili huo. Mashirika ya wanawake yalitoa elimu, watafiti wakatoa ushahidi, na mashabiki wakatoa kitu ambacho hao wawili hawakuwa nacho, yaani uanachama na fedha za ndani ya klabu. Historia hii fupi inaonyesha kwamba klabu ya soka hubadilika pale gharama ya kunyamaza inapotoka kwa watu wanaoipenda, na kwamba kazi iliyobaki ni kuifikisha gharama hiyo kwa wanaopanga saa za mechi na kuuza pombe yake.